Maji Chini ya Ukumbi

Simu yangu ikilia asubuhi mapema, najua ni kijana fulani ameweka sakafu ya mbao juu ya zege na sasa imeinuka. Hampigi simu kabla ya kazi. Mnapiga baada. "Mzee, imefura katikati kama mandazi, nifanye nini?" Ng'oa. Hakuna dawa nyingine. Ng'oa, kaa chini, kasirika kidogo, kisha uanze na maswali ambayo ungeuliza siku ya kwanza.

Mimi nimestaafu. Magoti yangu yalistaafu miaka mingi kabla yangu, nikawa nayaburuta tu kazini. Nawaandikia ninyi mnaojifunza kwa kutazama picha kwenye simu, na siwacheki kwa hilo, kwa sababu mimi pia sikufundishwa na mtu. Ninachowalaumia ni haraka. Na nikisema haraka, msidhani mimi nilikuwa mtulivu. Nilikuwa kijana wa wasiwasi mpaka mke wangu alisema naweza kuamka kuhakikisha kama kitanda kiko sawa na mimi nimelala juu yake.

Kazi nilijifunza kwa kuibomoa. Karibu na Kambu kulikuwa na nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la katani, na vyumba vyake vilikuwa na pakei, yaani vipande vya mbao ngumu vya urefu wa kiganja, vilivyopangwa juu ya zege na kushikwa na lami. Nyumba ilikuwa inabomolewa, tukaajiriwa kung'oa. Wenzangu waling'oa kwa sururu. Mimi niling'oa kwa patasi, na nyuma ya kila kipande nikaandika namba kwa penseli, ili nijue kilikaa wapi na kiligusana na nani. Nyapara akaja akanisimamia kichwani.

"Wewe unang'oa sakafu ama unabatiza watoto?"

Wenzangu walicheka wiki nzima. Lakini vile vipande vilipotupwa nyuma ya nyumba, niliomba magunia matatu, nikavibeba hadi kwetu, nikavipanga upya uani kwa mama yangu kwa kufuata namba. Kuku wakatembea juu yake. Hicho ndicho kilikuwa chuo changu, pamoja na kitabu kimoja chakavu cha Kiingereza kisicho na jalada, ambacho nilikisoma kwa kamusi mpaka kurasa zikatoka moja moja.

Sasa niwaambie aibu yangu ya kwanza, ndipo muelewe kwa nini ile ya pili iliniumiza hivyo.

Kule Emali kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, watu wote walimwita Hajji. Alikuwa amejenga nyumba nyuma ya duka lake, akataka sebule ya pakei kama aliyoiona Nairobi. Nikamwambia naweza. Zege lake lilikuwa na wiki tatu tu. Lilikuwa jeupe juu, nami nikadhani jeupe ndiyo kavu. Nikapanga vile vipande kwa lami ya moto, vikakaa vizuri ajabu. Na kwa sababu nilikuwa mtu wa kutaka kila kitu kikamilike, nilivisukuma mpaka vikabana ukuta pande zote nne. Hata wembe haungepita. Nilimwita Hajji aje na wembe ajaribu.

Vijana, mbao hupumua. Ikipata unyevu hunenepa, ikikauka hukonda. Lazima uiachie nafasi ukutani, upana wa kidole chako cha mwisho, kisha uifiche kwa ubao mwembamba wa pembeni. Mimi sikuacha hata ya uzi. Mvua za vuli ziliponyesha, pakei ikanyonya unyevu wa zege kutoka chini na wa hewa kutoka juu, ikanenepa, ikatafuta pa kwenda, ikakosa. Ikaenda juu. Mlango wa sebule ulikuwa unafungukia ndani, na siku hiyo Hajji na wageni wake wawili walikuwa ndani wakinywa chai. Walitolewa dirishani.

Nilipofika, Hajji alikuwa amesimama nje na kikombe mkononi. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

"Fundi," akasema, "mimi nilitaka sakafu ya kuswalia. Wewe umeniletea sakafu ambayo inarukuu yenyewe."

Neno hilo lilifika Malili, nilikokuwa nikikaa, kabla yangu. Madereva wa malori walisimulia. Kwa miezi mingi nikipita sokoni mtu anainamisha mgongo, wenzake wanacheka. Nilirudi kupiga randa milango na kutengeneza viti, na nadhani ningeishia hapo kama si Mzee Nzioka.

Mzee Nzioka alikuwa seremala wa mabenchi na mzee wa kanisa katika kijiji cha mke wangu Mwende, upande wa Makueni ukielekea mji wa Wote. Kanisa lao lilikuwa limejenga ukumbi. Mzaliwa mmoja wa pale aliyefanikiwa katika biashara ya mbao aliwatumia lori la vipande vya pakei vya muhuhu, ile mbao nzito yenye harufu tamu ambayo mchwa wakiionja wanasikitika. Magunia sitini. Ilikuwa zawadi ya mara moja. Barua yake ilisema wazi kwamba muhuhu wa namna ile hataupata tena.

Kamati ilitaka fundi wa Nairobi. Mzee Nzioka akasimama akasema kuna kijana hapa, mkwe wetu, anajua. Mmoja akauliza, "Si ndiye yule wa Emali?" Mzee akajibu, "Ndiyo. Kwa hivyo hilo kosa hawezi rudia. Huyo wa Nairobi hatujui bado hajafanya gani." Kisha baada ya mkutano alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Sikiza. Nikiketi kanisani naketi mbele. Hii sakafu ikiinuka, mimi nitahamia benchi ya mwisho kule na watoto wa kulia. Umesikia?"

Nilisikia. Bado nasikia.

Siku ya kwanza niliingia ule ukumbi nikakuta zege lina vumbi la mafundi wa ukuta, mchanga, na kinyesi cha popo. Kamati yote ilikuwepo, na kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, walikuwa wamesimama mlangoni. Nikataka waone kwamba mimi si mtu wa mchezo. Nikasema kwa sauti: "Kuanzia leo sitaki vumbi hapa. Hata punje. Nataka kila siku nikiingia nikute pamefagiwa, pasafi kama sahani."

Shikeni maneno hayo. Ni yangu mwenyewe, nimeyasema kwa mdomo wangu.

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Kyalo, ambaye alikuwa amestaafu ualimu lakini hakuacha kuwagawia watu kazi, akawageukia kina mama kuuliza nani atafagia. Nikasikia sauti moja nyuma ikisema itafagia, na nikatazama ukutani haraka, kwa sababu niliijua. Ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Hapa inabidi niwaeleze, maana ninyi siku hizi mnakula meza moja na mama wakwe zenu na kuwatumia picha. Kwetu kulikuwa na nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamkutani uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hamsemeshani. Jina lake hulitaji, na hata leo humu sitaliandika. Kanisa lilituachisha mambo mengi ya zamani, lakini hilo halikuachwa na mtu.

Kwa hivyo tukapata utaratibu bila kuambiana. Yeye alifagia alfajiri. Mimi nikipanda kile kilima saa mbili, nilianza kupiga mluzi tangu chini kwenye ule mti wa mnyaa. Akisikia mluzi, alitoka kwa mlango wa nyuma. Nikiingia, ukumbi ulikuwa mtupu na safi kama sahani, na mlango wa nyuma bado unacheza kidogo kwenye bawaba. Nilikuwa nikimshukuru moyoni. Mara moja nilimtuma Mwende aniwasilishie shukrani. Jibu lililorudi lilikuwa, "Mwambie ni kazi ndogo."

Zege lile lilikuwa na miezi minne. Kwa unene wake na kwa jua la Makueni, lilipaswa kuwa kavu. Lakini tangu Emali sikuamini rangi ya zege. Kitabu changu kilisema uweke kipande cha nailoni juu ya zege, ukikandamize pembeni, ukiache siku nzima na usiku wake, kisha ukifunue. Kikiwa na matone chini, zege bado linatoa maji. Basi nikaweka nailoni. Sikuweka moja, niliweka tisa, tatu kwa tatu. Kila moja niliizungushia mstari wa chaki na kuikandamiza kwa mawe, na mawe nayo niliyachorea maduara yake ili nijue kama kuna mtu ameyagusa.

Kesho yake nikafunua. Matone. Zote tisa.

Nikangoja wiki. Matone. Nikafungua madirisha yote, nikangoja wiki nyingine. Mawe yalikuwa ndani ya maduara yake, nailoni ndani ya mistari yake, na chini yake matone yamekaa kama jasho. Muhuhu nilikuwa nimeushusha kutoka maguniani, nikaupanga ndani kwa kuachanisha safu ili uzoee hewa ya mle, na kila siku nikaugeuza. Nilipunguza chakula. Mwende aliniambia nazungumza na saruji usingizini.

Mwalimu Kyalo alikuja kila alasiri na fimbo yake.

"Fundi. Tumealika watu. Mvua inakuja mwezi ujao. Unapima hii sakafu kama daktari anapima mtu ameshazikwa."

"Mwalimu, ina maji."

"Maji inatoka wapi? Huku hata mbuzi inakosa maji, saruji ndiyo itapata?"

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa sehemu nyingine hawezi kulifanya, wala hawezi kulielewa. Nilisema, kwa uchovu tu, "Labda kuna chemchemi chini."

Ndugu zangu. Usitaje chemchemi Ukambani wakati wa kiangazi. Wakati ule kina mama walikuwa wanaamka kabla jogoo hajawika, wanakwenda kwenye mto mkavu, wanafukua mchanga mpaka kichwa cha mtu hakionekani, wanangoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Na mimi nimesimama kwenye kilima nasema kuna maji chini ya ukumbi.

Mwalimu Kyalo aliegemeza fimbo ukutani. Aliinama kwa shida, akafunua nailoni moja, akapitisha kidole kwenye matone, akakitazama kile kidole muda mrefu.

"Kumbe," akasema.

Kesho yake watu walikuwa wamejaa mlangoni. Walitaka kuona. Niliwafunulia, na kila nilipofunua waliguna. Mzee mmoja mwenye kijiti cha panda, anayesifika kwa kutafuta maji, alitembea ndani huku na huku, na kijiti kikainama pale pale penye nailoni zangu. Niliwaambia hiyo si kitu. Niliwaambia kuna sababu nyingi. Nani alinisikiliza? Kamati ikakaa chini ya kivuli cha ukuta na ikaamua: siku ya Alhamisi zege litavunjwa katikati, kisima kichimbwe, na ukumbi utajengwa mahali pengine Mungu akijalia. Kina mama waliimba. Muhuhu ulirudishwa maguniani.

Mzee Nzioka ndiye peke yake aliyekuja kuniuliza. "Kuna maji ama hakuna?"

"Mzee, sijui."

"Hujui? Watu wanavunja ukumbi tulijenga miaka mitano kwa sababu ya kitu hujui?"

Alhamisi hiyo niliamka kukiwa bado na giza kidogo la alfajiri. Nilitaka kufunua nailoni mara ya mwisho kabla watu hawajafika na sururu. Na kwa kuwa nilikuwa na mawazo mengi, nilisahau kupiga mluzi.

Nilipofika karibu na dirisha nikasikia. Kwanza ni maji: *chwaa*. Kisha ufagio. Kisha tena: *chwaa*.

Nikachungulia, na nilijua ni vibaya kuchungulia. Mama mkwe wangu alikuwa na kibuyu. Alitia mkono ndani, akanyunyizia zege kama mtu anayepanda mtama, ili vumbi lisiruke, kisha akafagia akiwa ameinama. Ndivyo wanavyofagia kina mama wote wa kwetu. Ndivyo alivyofagia mama yangu mzazi uani, juu ya ile pakei yangu ya kuku. Nilikua nikiiona kila asubuhi ya maisha yangu, na sikuwahi kuifikiria hata mara moja.

Akafika kwenye nailoni. Akaweka ufagio chini. Akaondoa mawe moja moja, akayapanga kando kwa utaratibu wake. Akainua nailoni. Akanyunyizia pale chini. Akafagia. Akairudisha nailoni ndani ya mstari wangu wa chaki, akaivuta pembe ikae sawa, akarudisha kila jiwe kwenye duara lake. Kisha akahamia ya pili.

Sijui niliegemea ukuta muda gani. Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kichwa ukutani. Zaidi ya yote nilitaka kuingia niseme, "Mama, tafadhali, acha." Na sikuweza. Nilirudi chini mpaka kwenye mnyaa, nikapiga mluzi, nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa.

Nilikimbia hadi chumba tulichopanga pale kijijini nikamwambia Mwende. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Kisha akaacha.

"Si wewe ulisema hutaki hata punje ya vumbi?"

"Nilisema kufagia! Sikusema maji!"

"Sasa bila maji vumbi ingeenda wapi? Ingekaa kwa hewa ikungoje?" Akapangusa macho. "Na unajua hayo ni maji gani? Ni yake ya kunywa. Anaenda mtoni saa tisa ya usiku ndiyo ipatikane ya kwako. Baba akilalamika, Mama anamwambia mkwe wangu ni mtu wa kupima, sitaki apate makosa."

Nilipanda kilima nikiwa sina akili. Watu walikuwa wameshafika. Sururu nne, nyundo moja kubwa, mchungaji yuko tayari kuomba. Kina mama wameketi upande wao, na kati yao yeye, amejifunika leso mpaka usoni kwa sababu mimi nipo, na ule ufagio wake uko magotini.

Sasa fikirini mngefanya nini. Nikisema ukweli wote, nimemwaibisha mama wa mke wangu mbele ya kijiji, mimi ambaye hata jina lake sitaji. Nikinyamaza, wanavunja ukumbi kutafuta maji yaliyotoka kwenye kibuyu. Yule kijana mwenye nyundo alikuwa ameshatema mate mikononi.

"Hakuna maji," nikasema.

Mwalimu Kyalo akageuka. "Nini?"

"Hakuna maji chini. Yale ni maji niliyoagiza mimi. Nilitoa amri vibaya siku ya kwanza, ikafuatwa. Zege limekuwa likilowa kwa sababu yangu. Kosa ni langu lote."

"Nani alilowesha?"

"Mimi."

"Wewe? Na mkono wako?"

"Amri ni yangu."

"Mimi nauliza mkono."

Watu wakaanza kunung'unika, na haikuwa hasira ya ukumbi. Nilitazama nyuso za wale kina mama nikaona nilichokuwa nimefanya. Kwa siku nne nilikuwa nimewapa kisima, na sasa nilikuwa nakirudisha. Mtu mmoja akasema nyuma, "Wa Emali ni wa Emali tu." Mzee Nzioka akatazama viatu vyake.

Ndipo ile leso ikasogea. Hakuinuka, wala hakunitazama. Aliinua ufagio wake akausimamisha mbele yake kama mtoto anayegombezwa, akausemesha kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

"Wewe fagio. Ambia hawa wazee mkono ni wetu, mimi na wewe. Waambie tulikuwa tunamwaga maji tukiona fundi anafurahia usafi. Waambie huyo mtu anabeba mzigo si yake, na yeye hata kubeba gunia ya muhuhu hajui, anaibeba kama yai."

Kisha mama mmoja akaanza kucheka, akafuata wa pili, na kikundi chote cha mwethya kikaangua kicheko, hata wale waliokuwa na machozi. Mwalimu Kyalo alijaribu kushikilia uso wake wa ualimu akashindwa. Mimi, kwa kuwa singeweza kumjibu, nilimgeukia Mzee Nzioka nikasema kwa sauti vilevile, "Mzee, uambie ule ufagio asante. Na uuambie kuanzia leo ufagie mkavu."

"Fagio imesikia," akasema Mzee Nzioka. "Wewe rudisha mbao ndani."

Baada ya siku kumi na mbili nailoni zote tisa zilikuwa kavu kama karatasi. Safari hii nilizibana kwa udongo wa mfinyanzi pembeni, na ninyi pia msitumie mawe. Nikachemsha lami nje kwenye pipa lililokatwa nusu. Nikavuta uzi katikati ya ukumbi, kona hadi kona, nikaanzia katikati, maana kuta za mafundi wetu hazijawahi kuwa sawa na mkianzia ukutani mtaupeleka upotovu huo hadi mlangoni. Vipande vyeusi nilivichanganya na vyekundu ili visikae kabila kwa kabila. Pembeni niliacha kidole kizima pande zote, nikapima kwa kidole changu kila hatua, mpaka kidole kikachubuka. Kisha msasa, kisha nta.

Sakafu ilizinduliwa Jumapili, mvua ikanyesha Jumanne. Nilikaa mle ndani siku tatu mchana kutwa nikisikiliza. Muhuhu unaponenepa hulia kidogo, *tik*, *tik*. Ulilia, ukasogea kwenye nafasi yake, ukatulia. Mzee Nzioka aliendelea kuketi mbele mpaka alipofariki.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi Kitui na Makueni yote, hospitali, shule, nyumba za wakubwa. Gundi za mikebe zikaja, lami ikaisha. Mafundi wenzangu walianza kwa kuuliza urefu na upana. Mimi nilianza kwa kuuliza, "Hapa anafagia nani?" Kisha nilikwenda kumtafuta huyo mtu, jikoni au popote alipo, nikamsalimu, nikamweleza ninachotaka na kwa nini. Wenye nyumba walinishangaa. Kule Kitui daktari mmoja alidhani namtafuta mfanyakazi wake kwa ubaya. Lakini Hajji wa Emali aliponiita nimng'olee ile iliyorukuu na kumwekea upya, aliniita kwa sababu alikuwa amesikia habari ya ufagio. Madereva wa malori husimulia vyote.

Mwaka jana Mwende alinituma nikatazame ule ukumbi, wanataka kuubadilishia sakafu iwe ya vigae vinavyong'aa. Nilipanda polepole, magoti yakilalamika, na nilikuwa nimesahau kupiga mluzi. Zawadi za kuondoa ile aibu tulikwishazitoa miaka mingi nyuma, blanketi na yote, na mimi na mama mkwe tungeweza kusalimiana kama watu wengine. Hatukuwahi kuzoea.

Alikuwa ameketi kwenye kiti ndani ya mlango. Sasa ni mzee sana, macho yake yamefunga ukungu. Watu wa pale waliniambia kwamba tangu siku ile ya sururu hakuna tone la maji lililogusa muhuhu ule, kwamba wakati wa mvua hulinda mlango, na kwamba aliwahi kumrudisha nje askofu mzima akakung'ute mwavuli. Mbao zimekuwa nyekundu nzito, na katikati zimechakaa kidogo kwa miguu ya kwaya. Nilipiga magoti nikapitisha kiganja. Hakuna kipande kilichoinuka.

Kisha nikainuka nikapiga hatua mbili kuelekea katikati.

Akageuza kichwa kusikiliza. Mkono wake ukapapasa ukutani mpaka ukaukuta ufagio, akausimamisha mbele yake.

"Fagio," akasema, "ambia huyo mtu atoe viatu."

Nikatoa.